Babake mwenyeji, mtoto mgeni

Mtoto aliyezaliwa Umoja au Kasarani akishushwa garini kwa nyanyake Ndhiwa, boma zima humpokea kama mwenyeji. Jina ni la babu yake, pua ni ya shangazi, na kabla hajanawa mikono amekwisha kukabidhiwa nafasi yake katika ukoo. Nyanya anamwita "mume wangu" mbele ya watu na mtoto anaangua kilio. Hayo yote ni haki yake. Lakini mwili wake haujui habari za ukoo. Damu yake haijawahi kukutana na malaria, tumbo lake limezoea maji ya mfereji, na ziwa amelionea kwenye televisheni. Babake ni mwenyeji. Yeye ni mgeni, tena mgeni wa miaka mitatu.

Nalisema hili mapema kwa sababu ushauri mwingi wa kusafiri na watoto huandikiwa watu wanaokwenda hotelini Diani. Familia nyingi zinazoteremka Rongo, Oyugis, Migori au Mbita mwezi wa Desemba haziendi hoteli yoyote. Zinakwenda ushago, na ushago mzazi hulegeza kamba. "Mimi nimekulia hapa, nikaoga ziwani, nikala kila kitu, na niko hai." Ni kweli uko hai. Waliokufa utotoni hawapo wa kuijibu hoja hiyo.

Tuanze na barabara. Kutoka Nairobi hadi Migori ni zaidi ya kilomita 350 kupitia Mai Mahiu, Narok, Bomet, Sotik na Kisii. Anayekwenda Homa Bay huacha barabara kuu pale Rongo na kukata kulia kuelekea Rodi Kopany. Siku ya kawaida ni safari ya saa saba au nane kwa gari la abiria, na wiki ya Krismasi hakuna anayeweza kukuahidi kitu. Wazazi wengi hupenda basi la usiku kwa hoja kwamba watoto watalala. Watalala kweli, lakini dereva naye ni binadamu, ukungu wa mteremko wa Mai Mahiu hauna huruma, na utajikuta stejini saa kumi alfajiri na watoto wawili, mabegi manne na bodaboda moja. Mimi nasema ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Mtoto atasinzia hadi Narok, na mtafika jua lingali juu, wakati bado kuna mtu wa kuwapokea na jiko lina moto.

Suala la kiti halina mzaha. Kondakta atakwambia mpakate mtoto, kwani nauli imepanda na kila kiti ni pesa. Mtoto mchanga atapakatwa, hapana budi. Aliyefikisha miaka mitatu mlipie kiti chake na umfunge mkanda, hata kama itabidi mpunguze zawadi za kupeleka nyumbani. Dereva akikanyaga breki ghafla, mikono ya mama haimzuii mtoto. Wanaosafiri kwa gari la kibinafsi hukosea kwa namna yao: mtoto husimama katikati ya viti viwili vya mbele akitazama barabara, na watu wazima humsifu kwa udadisi wake.

Kuhusu kutapika, kata kona za Kisii ukiwa umejiandaa. Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, ule mfuko wa dharura uliokuwa ukipitishwa ndani ya basi umetoweka. Kinachofaa kuliko vyote ni mkebe mtupu wa mafuta ya Kasuku: mdomo wake mpana, una kifuniko kinachobana, unaoshwa kituo kinachofuata na kutumika tena. Weka kitambaa chenye unyevu juu yake na nguo ya kubadilisha kando yake, wala usivitie ndani ya buti. Halafu kataa chipsi na soseji za Narok, hata akilia. Biskuti kavu, ndizi mbivu na maji ya kunywa kidogo kidogo vinamtosha hadi Kisii. Mkipita Awendo, kwenye mashamba ya miwa, vipande vya muwa vitaletwa dirishani. Ni vya watu wazima. Kapi la muwa humkaba mtoto wa miaka miwili kwa urahisi mno.

Sasa mmefika. Kabla ya kuuliza watoto watacheza wapi, uliza watalala wapi. Kwa Waluo, mkwe halali chini ya paa moja na wakwe zake, na kijana aliyeoa halali katika nyumba ya babake. Aliyejenga simba yake, yaani nyumba yake mwenyewe bomani, hana shida. Asiyejenga hujikuta akikodi chumba mjini Migori au Homa Bay na kuja bomani mchana. Si aibu, na kwa mwenye watoto wadogo huenda ikawa nafuu, kwa kuwa chumba hicho kina maji na mlango unaofungwa. Watoto wenyewe hawabanwi na mwiko huo. Zamani walilala kwa nyanya, katika nyumba ya siwindhe, wakisimuliwa hadithi mpaka usingizi uwachukue, na hadi leo nyanya atawadai. Wape. Ila kwanza kagua neti.

Neti ndiyo nguzo ya likizo hii. Kanda ya ziwa ni kitovu cha malaria nchini, na mbu wanaoileta huuma usiku, hasa watu wakiwa wamelala. Desemba nyumba hujaa. Kitanda kina neti, lakini binamu sita wamelazwa kwenye godoro lililotandikwa chini, na neti ya kitandani haiwafikii. Kwa hiyo beba neti yenu yenye dawa kutoka Nairobi, pamoja na misumari minne na kamba ya katani. Ifunge chini kiasi kwamba pindo lake linakunjwa chini ya godoro pande zote, na mtoto asilale akiwa ameegemea kitambaa, maana mbu humwuma kupitia matundu. Jioni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, mvishe suruali ndefu na soksi. Atalalamika kwamba binamu zake wako miguu mitupu.

Na hapa ndipo ugeni wa mtoto wa jiji unapojitokeza waziwazi. Septemba 2019, Kenya ilizindua chanjo ya malaria papa hapa katika kaunti ya Homa Bay, ikiwa nchi ya tatu baada ya Malawi na Ghana. Watoto wa kanda hii huanza kuipata wakiwa na umri wa miezi sita, na hukamilisha dozi nne. Kwa mtoto wa Nairobi, haimo katika ratiba yake ya kliniki, kwa sababu Nairobi haina malaria ya kiwango hicho. Basi binamu wawili wa rika moja wamelala kwenye godoro moja, mmoja amechanjwa na mwili wake umeanza kuuzoea ugonjwa, mwingine hana lolote. Ndiyo maana mwone daktari au mfamasia wiki mbili kabla ya safari, umwulize kama mtoto wako anahitaji dawa ya kujikinga, kwa kipimo cha uzito wake. Usitegemee vidonge vilivyobaki kabatini tangu mwaka jana.

Mfuko wa dawa usiwe mkubwa: kipimajoto, dawa ya homa ya watoto, paketi za ORS na vidonge vya zinki, dawa ya kutibu maji, na kijitabu cha kliniki. Hakikisha mtoto amesajiliwa chini ya mzazi katika bima ya afya ya SHA kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu foleni ya hospitali usiku wa manane si mahali pa kuanza kutafuta cheti cha kuzaliwa. Hospitali kuu za rufaa za kaunti ziko Homa Bay mjini na Migori mjini. Kama boma lenu liko Nyandiwa au Muhuru Bay, uliza siku ya kwanza kabisa ni nani mwenye gari au pikipiki ya kutegemewa usiku, na uandike namba yake.

Ziwa lenyewe lina mitihani yake. Kila mtoto akiona maji mengi kiasi kile hutaka kuingia, na binamu zake tayari wako ndani. Kichocho hukaa kwenye konokono wa maji ya kina kifupi, penye majani, yaani palepale panapoonekana salama kwa mtoto. Kuna viboko na mamba pia, ambao hawasomi kalenda ya likizo. Uamuzi wangu ni mkali: chini ya miaka mitano, mtoto haingii ziwani hata kwa vifundo vya miguu. Kuna hoteli zenye bwawa Homa Bay na Rusinga zinazopokea wageni wa mchana kwa malipo, na kuna karai la maji yaliyoanikwa juani nyuma ya jiko la nyanya, ambalo kwa mtoto wa miaka miwili ni bahari tosha. Aliyekwisha kuingia usimpige. Kumbuka tu kumpeleka kupimwa kichocho wiki kadhaa baada ya kurudi, kwa kuwa hakionekani mara moja, na dawa yake ipo.

Kwa wanaoelekea Nyatike, kando ya Macalder na machimbo mengine ya dhahabu, jambo ni moja: mashimo yaliyoachwa wazi hayana uzio. Mkono wa mtoto usiachwe.

Samaki sasa, kwa sababu hakuna likizo ya huku bila samaki. Wazazi wa jijini hugawanyika makundi mawili, wale wanaoogopa miiba hadi mtoto anakula ugali kwa mchuzi wiki nzima, na wale wanaoamini mtoto "atajifunza". Mtazame nyanya anavyofanya. Haanzii tumboni mwa ngege. Anaingiza kidole gumba juu ya uti wa mgongo, nyuma kidogo ya kichwa, na kukisukuma kuelekea mkiani. Nyama ya mgongo hutoka vipande vikubwa, na miiba yake ni mirefu, inaonekana kwa macho. Tumbo anawaachia watu wazima, kwani mbavu za pale ni nyembamba, zimepinda, na hujificha ndani ya mafuta. Kisha kila kipande anakikanda kati ya gumba na kidole cha shahada kabla hakijaingia mdomoni mwa mtoto, na akihisi kitu anakitoa bila hata kutazama. Huo ni ujuzi wa miaka mingi, kwa hiyo siku za kwanza mwachie yeye kazi hiyo. Kwa mtoto asiyejua kutema mwiba, mbuta ni bora kuliko ngege, kwa kuwa mifupa yake ni mikubwa na si mingi. Omena pia humfaa akisagwa, lakini nunua aliyeanikwa juu ya nyavu. Yule wa kuanikwa chini ana mchanga, na mtoto atakukatalia omena maisha yake yote kwa sababu ya punje moja.

Mwiba ukikwama kooni, usimlazimishe kumeza tonge kubwa la ugali. Najua kila mtu pale mezani atalipendekeza. Mpeleke zahanati.

Baada ya siku mbili za salamu, ugonjwa wa pili wa ushago huingia, nao ni kukaa. Watu wazima wana mazishi, harambee na vikao vya ukoo, na watoto wanaachiwa simu. Hali ya kuwa ndani ya mwendo wa saa moja au mbili kuna mambo ambayo watu huvuka bahari kuyaona. Kanuni yangu ni sehemu moja kwa siku, mwisho saa saba mchana, na siku inayofuata hakuna kwenda popote.

Kama mnaweza kuchagua pahali pamoja tu, nendeni Thimlich Ohinga, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Ni boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, linalokadiriwa kujengwa karne ya 16, na tangu 2018 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5. Siri ya Thimlich kwa mtoto iko mlangoni. Malango yake ni mafupi, yalijengwa hivyo ili adui aingie akiwa ameinama. Baba atainama. Mama atainama. Mtoto wa miaka minne atapita amesimama wima, kichwa juu, na atataka kupita tena na tena. Mwacheni apite, ila asipande ukutani, kwa sababu hakuna kinachoyashika mawe yale isipokuwa uzito na mpangilio wake. Fikeni saa tatu asubuhi na maji yenu na chakula chenu, maana kufikia adhuhuri jua la pale ni kali.

Mbuga ya Ruma, katika bonde la Lambwe, inahitaji ukweli kabla ya safari. Usimwahidi mtoto ndovu wala simba, atakusumbua siku nzima. Mwahidi twiga, na mwahidi korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa weusi na weupe, ambaye hapa ndipo makao yake ya mwisho nchini Kenya. Mbuga ni ndogo, kilomita mraba 120, na hilo ni baraka kwa mwenye watoto, maana mizunguko ya saa mbili au tatu inatosha. Tatizo lake ni mbung'o. Ndio waliowafukuza watu kutoka bonde hili na hivyo kuwaachia wanyama nafasi, na bado wako. Hufuata gari linalotembea na huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo sababu mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Kwa hiyo sare ya shule ya buluu ibaki nyumbani, vaeni kaki au rangi ya udongo, na madirisha yafungwe hadi gari lisimame. Malipo ya kuingia hufanywa kwa eCitizen, si kwa pesa taslimu, basi yamalizeni mkiwa mahali penye mtandao. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ahirisheni. Udongo mweusi wa Lambwe ukilowa hunasa hata gari la magurudumu manne.

Ziwa Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ni la nusu siku na halina gharama kubwa. Ni ziwa la kreta lenye maji ya magadi, na mara nyingi heroe huwa wametanda ukingoni. Lakini bila hadithi ni maji tu. Basi nyanya aisimulie usiku wa kuamkia safari: kikongwe aliyefika kijijini kukiwa na karamu, akafukuzwa kila mlango, akapokelewa na mwanamke mmoja, kisha mvua ikashuka na kijiji kizima kikazama. Mtoto aliyelala na hadithi hiyo atasimama ukingoni kesho yake akitafuta mapaa ya nyumba chini ya maji. Wanaokaa upande wa Gwassi wana ya kwao, ya Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi aliyetajirika kwa mwanamke aliyemvua ziwani, akamtukana akiwa amelewa, na mifugo yote ikamfuata mwanamke majini. Pale Nyandiwa ufuoni wenyeji huonyesha alama zinazosemwa kuwa kwato za ng'ombe hao.

Rusinga inafikika kwa gari kupitia daraja la Mbita. Mwenye mtoto wa shule ampeleke kwenye kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38. Jengo lake lenye umbo la risasi huzua maswali ambayo babu anaweza kuyajibu kuliko kitabu. Kisiwa hicho pia ndicho alikochimbua Mary Leakey fuvu la Proconsul mwaka 1948, na rasi ya Homa, pale Nyayanga, ilitangazwa kote duniani mwaka 2023 kwa zana za mawe za zaidi ya miaka milioni mbili na nusu. Zungumzeni kuhusu hayo garini. Kwa macho ya mtoto wa miaka mitano, eneo la uchimbuzi ni shimo la vumbi tu.

Mfangano, yenye michoro ya kale ya miambani, ningeisubirisha hadi mtoto afike miaka saba. Kutoka Mbita ni zaidi ya saa moja kwa boti, na kisiwani kuna kupanda mlima. Mkiamua kwenda, au mkivuka kwa feri kati ya Luanda Kotieno na Mbita, shika mambo mawili. Ondokeni asubuhi, kabla upepo wa mchana haujachafua maji. Na kagua jaketi la kuokoa maisha kabla ya kulipa nauli, si baada. La mtu mzima halimfai mtoto: akitumbukia, litapanda juu na kumvuka kichwani. Lifunge, kisha mnyanyue mtoto kwa kushika jaketi mabegani. Likimtoka, hilo si lake. Boti isiyo na la watoto, iache iende.

Kuna starehe moja isiyohitaji gari wala ada. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, wavuvi wa omena huwasha taa zao ziwani, na kutoka ufuoni au mlimani huonekana kama mji uliojengwa juu ya maji. Wapelekeni watoto kwa robo saa, wakiwa na soksi na mikono mirefu, halafu moja kwa moja ndani ya neti.

Mkirudi Nairobi kazi haijaisha. Malaria aliyoambukizwa mtoto usiku wa mwisho kwa nyanya haitajitokeza kabla ya wiki moja, mara nyingi ni siku kumi hadi kumi na tano, na huweza kuchelewa zaidi. Hiyo ni Januari, shule zimefunguliwa, na kila mtoto darasani ana mafua. Zahanati ya mtaani itaona homa na kikohozi na kuandika dawa ya kifua, kwa sababu daktari wa jijini hapati malaria kila siku. Asipouliza, mwambie mwenyewe kabla hajashika kalamu: mtoto huyu amelala Homa Bay mwezi uliopita, naomba apimwe damu leo, si kesho.